Samaki Wekundu wa Mdomo wa Semliki

"Hii samaki ilikula nini, mpaka nyama yake ikakuwa nyekundu hivi?"

Mama mmoja aliniuliza swali hilo katika soko la Butembo, akiwa ameshika mkia wa tilapia ya chumvi kwa vidole viwili, kama mtu aliyeokota soksi ya mwingine. Nilikuwa nimevaa koti jeupe la ukaguzi. Watu waliokuwa karibu walinyamaza ili wasikie jibu, maana mtu mwenye koti jeupe hulipwa kwa ajili ya majibu. Nikasema sijui. Alimrudisha samaki juu ya meza polepole, akaipangusa mikono kwenye kitenge chake, akaenda kununua maharagwe.

Ninawaandikia ninyi wawili mliochukua nafasi yangu pale pesheri, kituo cha wavuvi, mahali mto Semliki unapoliacha ziwa. Mtashangaa kusoma kumbukumbu za mstaafu ambaye hajafika miaka arobaini. Hata mimi nashangaa. Niliugua homa, ikapita, ikaondoka na pua yangu. Mkaguzi wa samaki asiyesikia harufu ni kama kengele iliyojazwa pamba, kwa hiyo huduma ya ukaguzi ilinistaafisha kwa barua yenye maneno mazuri. Kuhusu vyeo sitasema kitu, kwa kuwa kilikuwa kimoja tangu mwanzo hadi mwisho. Kuhusu mshahara mnajua wenyewe. Nitasema juu ya kazi.

Siku ya kwanza nilishuka kutoka milimani nimekaa juu ya lori la kabichi na vitunguu liki. Nilivaa sweta ya Butembo, na tulipofika bondeni jua likanifundisha kuivua. Mbele ya ofisi alisimama kiboko, mkubwa kama gari, anakula majani kana kwamba ametumwa. Nikabaki nyuma ya lori. Mzee mmoja mwembamba alitoka mlangoni na beseni jeupe mkononi.

"Pita pale pembeni, hapana kumuangalia sana," aliniambia. "Huyu eko wa hapa. Weye njo mugeni."

Huyo alikuwa mzee Mumbere, mkaguzi wa pesheri tangu kabla sijazaliwa. Aliniuliza nilichosomea. Nikamwambia historia.

"Tuliomba mutu wa biolojia."

"Najua, papa."

"Donc historia." Alifikiri kidogo. "Si mubaya. Kila samaki iko na historia yake. Kazi yetu ni kujua kama ilianza asubuhi ao jana."

Vifaa vyake vilitosha ndani ya beseni lile: kisu kifupi, kopo la majivu ya kunawia, na kijiti cha mti mgumu kilichochongwa kama sindano. Samaki mbichi ulimbonyeza kwa kidole gumba nyuma ya kichwa, ukatazama kama nyama inarudi. Ulifunua mashavu. Ulinusa tumbo, si mdomo, kwa sababu mdomo unadanganya. Samaki wa chumvi ulimchoma kijiti kando ya uti wa mgongo, ukakinusa kijiti. Pua ikichoka, ulinusa mkono wako mwenyewe, maana hiyo ndiyo harufu pekee ambayo pua haiisumbukii.

Niliuliza kwa nini tumbo. Niliuliza kwa nini majivu na si sabuni. Niliuliza kwa nini asubuhi na si mchana. "Weye unauliza kama mutu wa tribunal," alisema, lakini alijibu, na asipojua alisema hajui. Sikuwa nimewahi kukutana na mkubwa wa kazi anayesema hivyo. Wengi hukohoa.

Alikuwa na sheria moja isiyokuwa katika kitabu chochote: mkaguzi hali chakula kwa mtu anayemkagua. "Ukikula kwake leo, kesho pua yako itakuwa na haya." Pale pesheri kila mtu ama anavua, ama anakausha, ama anatia chumvi, ama anapakia. Fanyeni hesabu wenyewe mwone ni nyumba ngapi zinabaki za kukaribishwa. Alipostaafu, akapanda lori kurudi kwao Alimbongo kulima viazi, nilibaki na jiko la mkaa na sufuria ndogo. Jumapili Wakatoliki walikwenda upande mmoja, Waprotestanti upande wa pili, na mimi niliyekuwa na maswali kwa pande zote mbili nilikaa kizingitini na marabu, wale ndege wenye vipara wanaotembea kama makarani waliofukuzwa kazi. Nilizoea. Kuzoea si kupenda, lakini kwa mbali vinafanana.

Mkitaka kuielewa pesheri, msianze na samaki. Anzeni na chumvi. Zamani watu wa milimani walishuka na maharagwe na ndizi, wakavuka ziwa hadi ng'ambo inakochimbwa chumvi, wakarudi nayo mgongoni. Samaki alikuwa kitu cha kuongezea mzigo. Hayo ndiyo niliyoyaandikia kazi yangu ya mwisho chuoni, na mwalimu akaandika pembeni: "Una uhakika?" Sikuwa nao. Nililipenda swali lake kuliko alama aliyonipa.

Baadaye kikajengwa kiwanda. Mnaziona kuta zake, pale mbuzi wanapolala: chumba cha baridi kisicho na paa, reli fupi ya vigari vya samaki, na mabirika ya simenti ya kutilia chumvi. Mashine zilikufa, wenye mashine wakaondoka, mabirika yakabaki kwa sababu hakuna aliyeweza kuyabeba. Wanawake ndio walioyafufua. Wa mwisho wao, na aliyekuwa hodari kuliko wote, aliitwa mama Kahindo.

Mama Kahindo alikuwa mrefu, sauti yake nzito, na alipasua samaki huku akitazama pengine. Wanawake wa ufuoni walifanya kazi kwake, wengi wao wajane. Samaki wake alipanda hadi Butembo na Beni, na akina mama wa huko walimtambua kwa namna alivyokunjwa. Aliniita docta, na sikuwa docta wa kitu chochote.

"Docta, leo tena unakula peke yako?"

"Ni sheria, mama."

"Sheria haina mudomo. Weye njo uko na mudomo." Kisha alicheka, akaniacha, kwa sababu alikuwa akiiheshimu sheria ile kuliko mimi.

Mwaka ninaotaka kuwaeleza, chumvi ya ng'ambo ilikosekana. Kulikuwa na ugomvi wa mpaka katikati ya maji, mashua hazikuvuka. Mama Kahindo akaagiza chumvi ya bahari kutoka Kasindi mpakani, ile ya punje kubwa inayokuja kwa malori kutoka pwani ya mbali. Nilimkagua samaki wake kama kawaida. Kijiti kilitoka kisafi. Samaki akapanda lori, barabara ikaharibika kwa mvua, mizigo ikalala njiani siku nyingi ndani ya joto. Magunia yalipofunguliwa sokoni, samaki walikuwa na utando mwekundu juu ya nyama. Si kila mahali. Mabaka mabaka, kama kitambaa kilichofuliwa na nguo inayochuja.

Katika nchi nyingine watu wangesema samaki ameoza, wakadai kurudishiwa. Kwetu haikuwa hivyo. Miaka hiyo upande wa Beni watu walikuwa wakiuawa mashambani, wengine hawakuonekana tena, na kila familia ilikuwa na mtu ambaye haikujua alilala wapi. Mito yote ya upande ule huenda Semliki. Ramani niliijua: Semliki hutoka ziwani, haiingii, na maji ya Beni hayawezi kupanda kurudi kwetu. Nililieleza hilo sokoni. Mzee mmoja alinisikiliza kwa adabu hadi mwisho, akasema, "Binti, samaki hapana kusoma ramani." Tayari ilikuwa imekwisha kusemwa kwamba samaki wa mdomo wa Semliki wamekula watu, na damu imekataa kufichwa na chumvi.

Mama Kahindo aliyasikia hayo akiwa amesimama ndani ya birika tupu, analisugua. Hakupiga kelele.

"Miye pia, kaka yangu alipotelea kule," alisema. "Wanafikiri ningemutia chumvi?"

Mkuu wa huduma alikuja kutoka Beni kwa pikipiki. Alikuwa mtu wa haraka, si mbaya. Alitaka niandike kwamba samaki ni sumu. Nilikataa, kwa kuwa sikujua. Alitaka basi niandike kwamba ni salama. Nilikataa pia, kwa sababu ile ile. Akaniuliza kazi yangu ni nini hasa. Nikamwambia nadhani ndiyo hiyo.

Akatoa uamuzi mbele ya wanawake wote. Samaki wekundu wazikwe. Mama Kahindo alete mzigo mwingine mmoja. Ukikataliwa sokoni, mabirika yatazibwa kwa simenti.

"Na sisi tutazibwa na nini?" mwanamke mmoja aliuliza. Mkuu aliwasha pikipiki.

Nilikwenda kukaa kwa shangazi yangu katika mtaa wa Rughenda, Butembo, chini ya uwanja wa ndege, kulikokuwa na jirani mwenye kidimbwi cha samaki. Samaki wake hawakuwahi kuliona ziwa, wala mto, wala kitu chochote isipokuwa pumba na mimi. Niliwapasua wachache, nikawapanga katika beseni mbili jikoni. Ya kwanza niliitia ile chumvi ya bahari kama ilivyokuja. Ya pili niliitia chumvi hiyo hiyo baada ya kuikaanga kwa muda mrefu katika sufuria, mpaka ikaanza kuruka. Nikazifunga zote ndani ya plastiki karibu na jiko, zipate joto kama la njiani. Shangazi alilalamika, akaomba, mwishowe akahamishia upishi wake uani.

Beseni ya kwanza iligeuka nyekundu. Ya pili ilibaki nyeupe.

Sijui niwaelezeeje furaha ile. Nilikuwa peke yangu jikoni, nimeshika samaki mwekundu wa kidimbwi, nacheka. Si ziwa. Si mto. Si watu. Ni chumvi. Nilizibeba beseni zote mbili hadi sokoni, nikapanda juu ya kreti ya bia, nikaeleza. Hawa ni wa Rughenda, nilisema, mnakijua kile kidimbwi, mnamjua mwenyewe. Tazameni, nao wamekuwa wekundu. Sasa mmeona si ziwa?

Watu walitazama. Walisogea karibu, wakanusa, wakanong'onezana. Kisha mama mmoja akashika kichwa.

"Yesu wangu! Mpaka Rughenda?"

Mchana ule hakuna aliyenunua samaki wa kidimbwi pia. Jirani wa shangazi hakunisalimu kwa muda mrefu sana, na ana haki.

Kwa mkuu wa huduma nilipata bahati ndogo zaidi. Alizitazama beseni kwa makini, na nakiri alielewa kila hatua. Halafu akauliza, "Chumvi inaua kila kitu. Hiyo ni mambo ya darasa la tano. Sasa kitu gani kinakaa ndani ya chumvi, kinangojea?" Niliweza kuonyesha kwamba inatoka kwenye chumvi, na kwamba moto unaimaliza. Ni nini, sikujua. Akasema huwezi kumwambia soko lote kwamba kitu usichokijua ndicho cha kulaumiwa, wakati wao tayari wanacho wanachokijua.

Mama Kahindo hakuuliza ni nini. Aliuliza sufuria iwe kubwa kiasi gani. Walipasua pipa la mafuta, wakalisafisha, wakakaanga chumvi ufuoni huku viboko wakitazama. Mikono ilibabuka. Mzigo ule ulikuwa mzuri kuliko wote niliowahi kuukagua: mgumu, mkavu, kijiti kinatoka na harufu ya bahari ambayo sikuwa nimewahi kuiona. Nilipanda nao Butembo, mimi na mama Kahindo tumekaa juu ya magunia, na kwa mara ya kwanza nilivunja sheria ya mzee Mumbere. Mama Kahindo alinipa ndizi ya kuchoma. Nilikula.

Tulipanga samaki mezani, weupe. Watu walimjua mama Kahindo, walimsalimu vizuri, waliuliza habari za watoto, wakapita. Mmoja alisimama.

"Ni ya kule?"

"Ni ya kule," mama Kahindo alisema.

"Ah." Akapita.

Muuza mchele wa meza ya jirani alimhurumia. "Mama, sema inatoka Uganda. Nani atajua? Sema tu Uganda."

"Hapana."

"Ni neno moja!"

"Maji yale yalinilea. Nikiyakana leo kwa ajili ya kuuza, kesho nitaenda kuoga wapi?"

Tulirudi sokoni hapo kila siku ya soko hadi samaki walipoanza kukunjamana kwa ukavu. Mimi nilinunua mmoja. Mama Kahindo aliniambia niache upumbavu, mkaguzi hawezi kuwa soko.

Mkuu alikuja na mafundi na mifuko ya simenti. Aliukagua mzigo uliorudi, akauchoma kwa kijiti changu, akanusa. "Samaki ni nzuri," alisema, na alionekana kuumia. "Mais hakuna mununuzi. Donc hakuna kiwanda." Mama Kahindo alisimama kando hadi birika la mwisho lilipojaa, akawaonyesha mafundi mahali walipoacha tundu. Kisha akamgeukia kila mwanamke, akamwambia "wasingya", asante ya kwetu, kana kwamba karamu imekwisha. Akahamia Kasindi, akauza maharagwe karibu na maegesho ya malori.

Baada ya hapo hakuna aliyetia chumvi tena pale. Samaki wanapanda wakiwa wa moshi, au wabichi juu ya barafu wakati barafu ipo. Mmewakuta hivyo, mkadhani ndivyo ilivyokuwa siku zote. Niliendelea kukagua. Kijiti kilibaki ndani ya beseni bila kazi. Mara nilipopita Kasindi nilimtembelea. Tulikaa kwenye viti vyake viwili, tukatazama malori, na kila lori la chumvi lilipoingia alilifuata kwa macho hadi liliposimama. Aliniuliza mara moja tu, "Docta, ulipata kujua ni nini?" Nikasema bado. Akasema, "Utajua," kwa sauti ya mtu anayekutia moyo juu ya ugonjwa. Alifariki kwa presha, mchana, kati ya wateja wawili. Nilifika baada ya mazishi.

Halafu ile homa, na barua. Nikawa na muda mwingi na pua tupu. Msicheke, lakini asiyesikia harufu hajui hata kama nyumba yake ni yake. Nikamwomba dereva mmoja wa Kasindi anichukue hadi mwisho wa njia yake, kule anakopakia chumvi. Alidhani nina biashara. Nilimwambia nina swali.

Mwisho wa njia ni mahali mto mwingine unapoingia baharini. Nilikuwa nimezoea mto unaotoka, kwa hiyo nilisimama kidogo nikitazama maji ya udongo yakifa ndani ya maji ya bluu. Pembeni, kwenye tambarare ya matope, yamechimbwa mabwawa mapana ya kukaushia chumvi, moja baada ya jingine. Ya kwanza yalikuwa na rangi ya anga. Kadiri tulivyotembea yaligeuka, na yale ya mwisho yalikuwa mekundu. Mekundu kabisa, rangi ile ile, kutoka ukingo hadi ukingo.

Mwanamke wa maabara ya kiwanda alikuwa akichota sampuli kwa chupa. Nilimuuliza ni damu ya nini, kwa kuwa ndiyo maneno yaliyonitoka. Alinitazama kama mtu anayeamua kama mwenzake ni mgonjwa.

"Damu gani, dada? Hivi ni vijidudu. Vinapenda chumvi, penye maji ya kawaida vinakufa. Chumvi ikikauka vinabaki humo ndani ya punje, vinalala, hata kwa miaka."

"Vinadhuru?"

"Samaki wa chumvi akipata joto na unyevu, vinaamka vinamharibu. Ndiyo maana wanaosafirisha mbali wanaambiwa wachome chumvi kwanza. Lakini hapa kwetu tunavishukuru. Maji mekundu yanashika jua zaidi, yanakauka upesi."

Nikamuuliza wafanyakazi wanasemaje, wanapoona maji yote yamekuwa hivyo.

Alisema wanafurahi, kwa sababu wanajua chumvi imekaribia. Yakichelewa kuwa mekundu ndipo wanapoanza kuogopa.